Ngozi ya Bihogo

Mtu akiiba ng'ombe, nyama italiwa, pembe zitatupwa ziwani, na mifupa mbwa wataimaliza bila kuulizwa. Ngozi ndiyo yenye maneno. Ngozi inataka kukwanguliwa, kulowekwa na kunyooshwa, na kazi hizo zinataka mikono ya mtu mwingine, na mtu mwingine ana mdomo. Hivyo ndivyo alivyowaza Brigadier Ignace Bulonza wa polisi ya Bukavu, na ndiyo maana juma zima alikuwa akizunguka Kadutu, akinusa milango ya watu mpaka wanawake wakaanza kumcheka.

Alikwisha kwenda kwa washona viatu wa sokoni akatoka mikono mitupu. Alikwenda kwa mtengeneza ngoma, akamlazimisha kufungua ngoma mpya ya harusi, akakuta ni ngozi ya mbuzi. Aliomba radhi, akalaaniwa na bibi harusi, akaondoka. Sasa ilikuwa Jumamosi asubuhi na palibaki mlango mmoja, wa Donatien, garnisseur, yaani fundi wa viti vya magari.

Bulonza hakuwa na nafasi ya kukosea tena. Gerezani, mchunga ng'ombe mmoja wa Nyangezi aitwaye Venant alikuwa akingoja lori la Jumatatu. Alishtakiwa kumuua bwana wake, muzee Stanislas, aliyekutwa korongoni kichwa kimepasuka jioni ya mkesha wa Pentekoste, na kumwiba ng'ombe wake wa pekee, mtamba mwekundu jina lake Bihogo. Lori lingempeleka kwenye mahakama kubwa, ambako mchungaji hana wa kumsemea na mti wa kunyongea bado unafanya kazi. Bwana Substitut, mwendesha mashtaka Mbelgiji, alikuwa amekwisha kuridhika. Muda huu mfupi alimpa Bulonza jinsi mtu anavyompa mtoto sufuria alambe.

Donatien alikuwa uani, chini ya bati, na mbele yake gari aina ya Buick, milango wazi, tumbo tupu. Viti vilikuwa vimetolewa na kulazwa juu ya meza. Gari hilo hakuna asiyelijua Bukavu. Lilikuwa la Xavier, mfanyabiashara wa nyama, mwenye malori ya kupeleka ng'ombe Kamituga kwenye kambi za wachimba dhahabu. Bulonza alilijua kuliko wengi, kwa sababu Xavier ndiye parrain, yaani baba wa ubatizo, aliyemshika mtoto wake wa kwanza, Camille, siku ya ubatizo.

"Bonjour, Papa Brigadier," alisema Donatien, sifongo mkononi. "Unatafuta nini huku kwetu?"

"Natafuta ngozi."

"Ngozi iko mingi. Hata weye uko na yako."

Bulonza hakucheka. Aliuliza kwa nini viti vimetolewa.

"Rangi ilikuwa inatoka ku kiti ya dereva," alisema Donatien. "Papa Xavier alivaa pantalon nyeupe, akaenda ku misa. Akasimama kwa kukomunika, kanisa yote ikaona matako nyekundu. Alinirudishia gari ile siku ile ile, na matusi juu yake."

"Sasa unafanya nini?"

"Natosha rangi yote na alkooli. Naosha, nakausha mu kivuli, naipatia mafuta inywe. Kisha rangi ingine, na nta ya nyuki juu, njo rangi isitoke tena. Mara ya kwanza nilikuwa na haraka."

"Haraka ya nani?"

Donatien alirudi kwenye sifongo lake. Bulonza alisogea mezani, akapitisha kidole kwenye egemeo la kiti. Ilikuwa ngozi ya zamani, iliyopasuka kama udongo wa kiangazi, lakini uso wake kati ya nyufa ulikuwa laini. Halafu akahamia kwenye kikalio, mahali ambapo alkooli ilikuwa imekwisha kuondoa wekundu. Kidole kilikwaruza. Kulikuwa na vishimo vidogo vidogo, na mikwaruzo mirefu iliyopona zamani. Bulonza alikulia zizini, akilala na ndama wa baba yake huko Walungu, na alijua amegusa nini.

"Hii ya kukaliya ilitoka wapi?"

"Ulaya. Yote iko ya Ulaya."

"Ku Ulaya ngombe banalala mu nyumba. Hii ililiwa na kupe tangu utoto. Na miiba ya ku Walungu, nayo ilipanda ndege?"

"Basi nilinunua ku soko."

"Kwa nani?"

"Mutu."

"Mutu gani?"

"Mutu tu, Papa Brigadier. Mutu iko na jina yote?"

Uongo wa Donatien ulikuwa mbaya kiasi kwamba Bulonza alimwonea huruma. Lakini huruma haikumfanya aondoke. Alivuta kigoda, akaketi, akamwambia aendelee na kazi yake kama kwamba hakuna mtu.

Donatien aliosha. Alipiga sabuni kwenye maji ya moto mpaka povu likasimama, akapaka povu peke yake, maana maji yakizidi ngozi hukakamaa. Alisugua kwa brashi laini, akafuta, akarudia mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Wakangoja ikauke kivulini, wakila ndizi. Kisha Donatien akaleta chungu cha siagi ya ng'ombe iliyoyeyushwa na nta, siagi ile ile ambayo bibi zetu walilainishia ngozi kabla Wazungu hawajaleta mafuta ya kopo. Akaipaka kwa kiganja, akikanda kama anamkanda mtoto mchanga.

Ngozi ilikunywa. Ilibadilika mbele ya macho yao, ikawa nyeusi na nzito. Lakini upande mmoja mahali patatu palikataa kunywa. Siagi ilibaki juu, inang'aa, na chini yake ngozi ilikuwa nyeupe na laini kama kovu la mtu aliyeungua, maana ndivyo lilivyokuwa. Yalikuwa makovu matatu ya mviringo, yamekaa kama mafiga ya jikoni.

Bulonza aliinama juu ya meza. Alipomhoji Venant gerezani alimwomba amweleze ng'ombe wake. Kijana alimtaja rangi, pembe, na mwendo, kama watu wote wanavyofanya. Mwishoni tu akaongeza kwamba mwaka uliopita Bihogo alikohoa sana, naye akamchoma dawa kwa ncha ya mkuki uliotiwa motoni, ubavu wa kushoto, mara tatu, sawa na mafiga.

"Donatien," alisema Bulonza polepole, "hii iko ngombe ya muzee aliuawa. Kama hauna jina ya kunipa, nitaandika yako."

Fundi alikaa chini. Aliifuta mikono yake yenye siagi kwenye suruali.

"Iko Papa Xavier aliileta," alisema. "Ilikunjwa na chumvi, bado mbichi. Aliniambia, kwangua manyoya mbele ya yote, uyachome. Alisema ngombe bila manyoya haina jina. Mi sikujua ya muzee. Nilijua tu haiko vizuri."

Bulonza alielewa, na akakaribia kumsikitikia Xavier kwa upumbavu wake. Mshi, mwenyeji wa vilima hivi, atamtambua ng'ombe wake kwa rangi hata akiwa mlima wa pili, na kwa rangi atamwita, atamsifu na kumlilia. Xavier, mtu wa vilima hivi hivi, aliamini kwamba akiondoa manyoya ameondoa ng'ombe. Mzungu asingekosea hivyo, kwa sababu Mzungu haoni tofauti hata manyoya yakiwepo. Na kwa nini hakuizika? Kwa sababu kiti chake kilipasuka na ngozi ya Ulaya ni ghali. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Jambo moja lilimsumbua. Chini ya yale mafiga, karibu na mshono, palikuwa na tundu lenye ukingo mweusi.

"Na hapa?"

"Ilikuwa kidonda. Kidonda bado kibichi, ukiloweka ngozi inaoza na inatoboka. Nilibandika kiraka kwa chini."

Venant alitaja matatu. La nne hakulitaja, na Bulonza hakujua aliweke wapi.

Hakupata muda wa kulifikiri, kwa sababu Xavier mwenyewe aliingia uani, kofia mkononi, amekuja kuulizia gari lake. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza nyumba. Aliona ngozi iliyosafishwa. Aliona uso wa Donatien. Alichelewa kidogo tu kabla ya kutabasamu.

"Papa Camille! Mutoto yangu anakomaa?"

"Anakomaa, Parrain. Hii ngozi uliitosha wapi?"

"Ku ngombe," alisema Xavier, akacheka peke yake.

"Ngombe ya muzee Stanislas."

Bulonza alitegemea mshtuko. Badala yake Xavier aliketi kwenye ukingo wa meza, akapunguza sauti, akawa mtu mwenye huzuni.

"Basi njo ile. Niliogopa vile tangu nilisikia habari. Papa Camille, mi niliinunua. Kabla ya Pasaka, ku soko ya Mugogo, nikaichinja mu juma ile ile. Kijana mumoja aliniletea, alisema bwana yake amemutuma. Iko yule munafunga."

"Venant?"

"Njo yeye. Alimwibia muzee, alimudanganya ngombe imepotea. Kisha muzee akajua, bakagombana. Unaona? Ningesema mapema, lakini nani anapenda jina yake mu mambo ya damu?"

"Kabla ya Pasaka. Utarudilia hii maneno mbele ya Substitut?"

"Hata mbele ya Askofu."

Donatien alikuwa ameinamisha kichwa. Bulonza alikuwa amekuja kumtafutia Venant dawa, na sasa Xavier alikuwa ameichukua ile dawa na kuifanya sumu. Mpaka asubuhi mashtaka yalikuwa na maiti na wizi bila ushahidi. Sasa yalikuwa na ugomvi, na shahidi tajiri wa kuutaja, na ni Bulonza mwenyewe aliyemfungulia mdomo. Aliogopa, na aliona haya. Alimtazama Xavier akitoka uani na kuaga kama mtu anayetoka kwenye chai.

Kwamba Bihogo alikuwa zizini mpaka Pentekoste, Bulonza alikuwa na neno la Venant tu, na asingeweza kwenda kwa Substitut na neno la mshtakiwa dhidi ya la tajiri. Kwa hiyo alifanya jambo pekee lililobaki. Alikibeba kikalio begani, siagi ikimchafulia koti la serikali, akashuka nacho barabarani, huku watu wakiulizana kama mshahara wa polisi umekwisha mpaka anauza viti.

Bibiane, mjane wa Stanislas, alikuwa amefikia kwa binamu yake, si mbali na gereza. Alikuwa ametoka Nyangezi kwa miguu ili Jumatatu amwone Venant akipandishwa lorini. Alikuwa amesema hivyo waziwazi, kwa kila aliyetaka kusikia. Bulonza alimkuta amekaa kwenye mkeka akipukuchua maharagwe, mwanamke mkavu, mwenye macho yasiyolala.

"Kama umekuja kunisemea ya yule mutoto, rudi," alisema bila kuinua uso.

"Sikukuja kukusemea kitu, maman. Nimekuja kukuonyesha."

Aliweka kikalio kwenye mkeka. Bibiane alikitazama kwa dharau, kitu cha gari, kitu cha Wazungu. Kisha mkono wake ukaenda wenyewe, kwa mazoea ya mtu aliyekamua miaka mingi. Ulipita juu ya vishimo vya kupe. Ulifika kwenye mafiga. Ukasimama.

"Bihogo," alisema.

Alirudia jina hilo mara kadhaa, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Hakulia. Alikilaza kichwa chake kwenye ngozi ile yenye harufu ya siagi, akakaa hivyo, na Bulonza akageuka kando kwa heshima. Alipohisi anaweza kuuliza, aliuliza.

"Maman, nani alimuchoma hizi tatu?"

"Venant. Mwaka ile ya kikohozi."

"Na hii ya ine, yenye imetoboka?"

"Hii?" Kidole chake kilizunguka ukingo mweusi. "Hii iko ya bwana yangu. Asubui ya mukesha ya Pentekoste Bihogo alivimba tumbo. Venant hakuwa. Bwana yangu alimupa ruhusa tangu siku ya mbele, aende kusalimia mama yake. Akachoma yeye mwenyewe, akachoma mubaya, mukono yake ilikuwa inatetemeka. Nilimukaripia." Alirudisha kidole kwenye tundu. "Maneno ya mwisho nilimwambia ilikuwa ya kumukaripia."

Bulonza aliinama karibu na lile tundu.

"Kwa nini haukusema hii mbele?"

"Banani waliniuliza ya ngombe? Bote walikuwa banauliza ya bwana."

Ilikuwa kweli, na aibu yake ilikuwa ya polisi nzima, na ya Bulonza kwanza. Alichuchumaa mbele ya mama huyo, akamweleza taratibu, kwa sababu alistahili kuambiwa kabla ya Substitut.

"Sikiliza, maman. Xavier anasema alinunua Bihogo kwa Venant kabla ya Pasaka, akamuchinja. Lakini Bihogo yuko na kidonda ya Pentekoste, na ilikuwa bado mbichi. Basi alikufa siku ile ile, ao kesho yake. Xavier anadanganya. Tena, mwenye kuiba Bihogo ile siku alimuona na alama ine, moja inatoka maji. Venant nilimuuliza vizuri. Anajua tatu tu. Ya ine hakuiona, juu hakumuona Bihogo tena."

Bibiane alijisogeza mbele kwenye mkeka. Punje za maharagwe zilimwagika kutoka kwenye nguo yake na hakuziokota.

"Nilimulaani," alisema. "Mbele ya batu bote."

Kabla ya saa ya kufunga ofisi, Substitut alikuwa amesikia yote, kwanza kwa kuchoka, kisha kwa kusimama wima. Alimuuliza Bibiane mara mbili, kupitia kwa Bulonza, na mara zote mbili Bibiane alijibu kwa mkono wake juu ya ngozi. Wakaenda pamoja kwenye ghala la Xavier, penye malori. Xavier alikuwa juu ya ngazi akihesabisha watu mizigo.

"Ulisema ulimununua kabla ya Pasaka," alisema Bulonza.

"Nilisema."

"Ukamuchinja mu juma ile ile."

"Njo vile."

"Na kidonda ya mukesha ya Pentekoste aliipata wapi? Mu tumbo ya wale walimukula?"

Xavier alifungua mdomo kujibu. Alimwona Bibiane nyuma yao. Akashuka ngazi moja, nyingine, akakaa.

"Bahuni yangu njo balimutosha mu zizi," alisema hatimaye. "Mi nilikuwa ku lori. Muzee alitufuata, akakamata mulango. Alinijua. Akaniita na jina. Nilimwambia aachilie, Papa Camille. Nilimwambia."

"Na alipokataa?"

Xavier aliangalia mikono yake. "Nilimusukuma," alisema. Kisha, kwa sauti ya kuombea: "Mutoto yako nilimushika mimi ku maji ya ubatizo."

"Najua, Parrain," alisema Bulonza. "Simama tuende."

Venant hakutoka siku hiyo. Karatasi ya kumwachilia ilitaka muhuri, muhuri ulikuwa kwenye kabati, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kuwinda bata hadi Jumatatu. Bulonza alikasirika mpaka akatukana kwa Kishi, lugha ya kwao, jambo ambalo hakuwahi kufanya ndani ya ofisi. Bibiane hakukasirika. Aliomba tu aingizwe gerezani, na aliomba wembe.

"Wembe?" mlinzi wa lango alishtuka. "Maman, hii iko gereza. Tena weye njo ulimushitaki. Unataka nimwambie nini Directeur?"

"Kwetu mutu akikufa, nyumba yake inanyoa," alisema Bibiane. "Tulinyoa bote, mupaka mutoto wa kunyonya. Venant peke yake hatukumunyoa, juu nilisema hawezi kulia mutu aliua. Alikula mu nyumba yangu tangu meno yake ya kwanza haijaanguka."

Mlinzi alimtazama Bulonza. Bulonza alitoa wembe kwenye mfuko wake wa shati, akaufungua na kuufunga tena. Alisema atakaa pale pale mpaka kazi iishe, na kama kuna kosa liandikwe juu yake.

Venant aliletwa uani, pingu mikononi, nywele zimemea kama kichaka. Alipomwona Bibiane alirudi nyuma hatua moja na kuinua mikono usoni. Alifikiri amekuja kumpiga. Mama huyo alikaa chini kwenye vumbi, akanyoosha miguu, akavuta bakuli la maji, akampigia mkono mahali pa kukaa, katikati ya magoti yake, mahali ambapo mtoto hukaa akinyolewa na mama yake.

Kijana alielewa polepole. Alikaa. Maji yalimshuka shingoni. Wembe ulipopita mara ya kwanza na kishungi kuanguka mapajani mwake, sauti ilimtoka Venant ambayo hakuitoa kwa polisi, wala kwa Substitut, wala usiku wowote wa kifungo. Alimlilia Stanislas kwa jina, kwa nguvu, mbele ya wafungwa na walinzi, na mabega yake yalitikisika hata Bibiane akalazimika kumshika kichwa kwa mkono mwingine asije akamkata.

"Lia, mutoto yangu," alisema. "Nilikukataza. Sasa lia."